Kanisa moja au mwavuli mmoja? India Kusini na Kongo

Wiki sita baada ya India kupata uhuru, tarehe 27 Septemba 1947, Waanglikana, Wamethodisti, Wapresbiteri na Wakongregesheni waliacha majina yao wakawa Kanisa la India Kusini. Kikwazo kikubwa kilikuwa uaskofu: Waanglikana hawakuwa tayari kuuacha, na wengine hawakuwahi kuwa nao. Wakakubaliana kwamba wote wawe chini ya maaskofu, ila mchungaji aliyewekewa mikono bila askofu asiwekewe upya. Hapo ndipo ninapoguswa, kwa sababu utumishi wa mtu haukufutwa ili umoja upatikane.

Kongo walipita kwingine. Mwaka 1970 Wabaptisti, Wamethodisti, Wamennoniti na wenzao waliingia Kanisa la Kristo katika Kongo, kila jumuiya ikibaki na viongozi wake na mafundisho yake. Katika ubatizo, mmoja huzamishwa majini, jirani hunyunyiziwa. Uhuru huo naupenda kweli. Lakini sheria ya 1971 chini ya Mobutu ilitambua makanisa machache tu, na baadhi waliingia kutafuta kibali. Kwa hilo nachagua India Kusini, ambako majadiliano yalichukua takriban miaka 28.