Jedwali la wiki la kuchapisha: Jumatatu ilivyoniponza

Nina atelye ndogo ya kushona huku Katuba, Lubumbashi, pamoja na mabinti watatu wanaojifunza kazi. Miaka yote oda zetu zilikaa kwenye kayee moja, yaani daftari, na kayee yenyewe ilikaa chini ya vitambaa. Vikwembe, yaani vitenge, vya Siku ya Wanawake, tarehe 8 Machi, vilipoanza kurundikana, nikapakua bure jedwali la wiki la Excel kutoka tovuti moja ya Marekani, nilichapishe na kulibandika ukutani.

Lilivyokuja halikunifaa hata kidogo. Lilikuwa na saa, tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa nne usiku, kila nusu saa na mstari wake, utadhani tunashona kwa miadi ya daktari. Nilifuta mistari yote hiyo. Upande wa kushoto nikaandika hatua zetu: kupima, kukata, kushona, kujaribisha, kukabidhi. Mistari mitano tu, mirefu kwenda chini, ili kalamu ipate nafasi ya jina la mteja na alama ya kitambaa chake. Kichwa cha juu kilikuwa cha bluu iliyoiva. Kwenye mashine ya kopi kilitoka doa jeusi lisilosomeka. Nikaondoa rangi, nikaacha herufi nene juu ya cheupe.

Karatasi nayo ilinila pesa. Jedwali lilipangwa kwa karatasi ya Kimarekani, milimita 216 kwa 279, na hapa mjini kila duka la kopi lina A4, yaani 210 kwa 297. Nikiilaza, mstari wa kukabidhi ulikatwa chini, na huo ndio mstari wa pesa. Dawa yake ni kubadilisha ukubwa wa ukurasa kwanza, kisha kuamuru jedwali lote liingie ukurasa mmoja. Fanya hivyo nyumbani umeme ukiwapo. Mimi nililipia kurasa nne mbovu. Upana ulioongezeka niliupa siku ya posho, yaani Jumamosi, maana harusi zote ziko siku hiyo.

Sasa majina ya siku. Binti mmoja hasomi Kifaransa vizuri, kwa hiyo niliandika Kiswahili cha vitabuni: Jumatatu, Jumanne, na kuendelea. Nilijiona fundi kweli. Mteja wa kujaribisha nikamwandika Jumatatu. Akaja, akakuta kikwembe chake bado kimekunjwa, hata mkasi haujakigusa. Namuuliza binti wa kukata, ananionyesha ukuta:

“Mama, si baliandika tatu?”

Nilinyamaza. Kwetu siku ya kwanza ni ile ya kurudi kazini, na siku ya tatu ni ile Wafaransa wanaiita mercredi. Jumamosi ni siku ya posho, jina lililobaki tangu wakati wa kampuni za migodi kugawia wafanyakazi chakula. Watu wa pwani wanaanza kuhesabu baada ya Ijumaa, ndiyo maana Jumamosi yao ni mosi na Jumatatu inaangukia ya tatu. Na yule Mmarekani alikuwa ameanza na Jumapili! Karatasi moja, wiki tatu zinagombana humo.

Nikasogeza Jumapili mwisho kabisa, nikaandika siku ya kwanza hadi siku ya tano, siku ya posho, siku ya Mungu. Tangu hapo hakuna aliyekosea siku, ingawa kuchelewa tunachelewa bado, umeme ukikatika.

Jedwali lenyewe nalipa nyota tatu kati ya tano: ni bure, halijafungwa, unabadilisha unachotaka, ila limebeba wiki ya mtu mwingine. Kopi zangu za Jumatatu zilizobaki sikuzitupa. Tunachora patroni za kola na mifuko mgongoni mwake.