Spark 4.0 kwenye klasta ya Linux: ipande tu, ila jipange na Java

Wakuu, kama klasta yenu (kundi la seva zinazofanya kazi pamoja) bado iko Spark 3.5, ile programu ya kuchakata data kubwa, na mnajiuliza kupanda 4.0 kunalipa au la, mimi nasema kunalipa, naipa nyota nne kati ya tano, na sababu wala siyo spidi. Spidi waliotoka 2.4 waliipata 3.2, pale AQE (Spark kurekebisha yenyewe mpango wa kazi ikiwa inaendesha) ilipoanza kuja ikiwa imewashwa, kwahiyo anayetoka 3.5 asitegemee maajabu. Kilichonikosha ni kwamba toleo hili la Mei 2025 limeacha kumeza makosa kimyakimya.

Sisi tunapokea mafaili ya mauzo toka kwa mawakala na mnajua watu wanavyoandika hela, mmoja ataweka 12500, mwingine 12,500, mwingine 12,500/= kabisa. Zamani ukiigeuza hiyo yenye koma kuwa INT (namba kamili), Spark haisemi kitu, inaweka NULL (thamani tupu), halafu SUM inairuka, jumla inatoka pungufu na ripoti inaenda kwa bosi ikionekana safi. 4.0 inakuja na ANSI (hali ya kufuata kanuni kali za SQL) imewashwa, kwahiyo jobu inasimama palepale na CAST_INVALID_INPUT, tena inakuonyesha thamani yenyewe iliyoikwamisha. Mwanzoni jobu kadhaa za usiku zilikufa na watu wakaja juu, lakini ukifungua logi unakuta kweli hela ilikuwa inapotea. Pale unapokubali thamani mbovu iwe NULL unaandika try_cast mwenyewe, na atakayesoma skripti baadae anaona ulikusudia. Kuna wanaokimbilia kuzima spark.sql.ansi.enabled kwa klasta nzima, jamani msifanye hivyo, kama muda hamna zimeni kwa jobu ile moja tu.

Nyota niliyokata ni ya Java. 4.0 inataka Java 17, wakati NodeManager (programu inayosimamia kazi kwenye kila seva) za klasta nyingi za Hadoop, mfumo tunaoendeshea Spark, bado ziko 8. Hadoop yenyewe huhitaji kuigusa, weka JDK 17 pembeni kwenye kila nodi halafu elekeza spark.yarn.appMasterEnv.JAVA_HOME na spark.executorEnv.JAVA_HOME huko. Panapokwama ni shuffle service (huduma inayotunza data ya kati ya jobu ili eksekyuta, yaani michakato inayofanya kazi yenyewe, ziweze kufungwa), maana jar yake (faili la programu ya Java) inapakiwa ndani ya NodeManager, na jar iliyojengwa kwa Java 17 haifunguki kwenye JVM ya 8. Jobu mpya tumezitoa huko, tunatumia spark.dynamicAllocation.shuffleTracking.enabled, inafanya kazi vizuri tu ila eksekyuta zenye data ya shuffle zinachelewa kuachia memori, na jobu nyingi zikigongana foleni ya YARN (mgawaji wa rasilimali wa Hadoop) inarefuka.

Scala 2.12 (Scala ndiyo lugha iliyoandikia Spark) nayo imeondolewa, imebaki 2.13, kwahiyo jar zenu za zamani lazima zijengwe upya, na kama kuna jar ambayo aliyeiandika kaondoka na kodi yake (source code) haionekani, itafuteni sasa hivi kabla ya kitu kingine chochote. Wa PySpark (Spark kwa Python) wanahitaji Python 3.9 kwenda juu, na Rocky Linux 8 inakuja na 3.6, sisi tunafungasha mazingira yote ya Python kwenye faili moja tunalituma na --archives.

Kitu kizuri sana ni kwamba matoleo mawili yanakaa pamoja bila ugomvi. 3.5 iko kwenye foda yake chini ya /opt, 4.0 kwenye yake, jar za kila moja zimepandishwa HDFS (hifadhi ya mafaili ya Hadoop) na kutajwa kwenye spark.yarn.archive, kwahiyo jobu unazihamisha mojamoja na ikigoma unairudisha 3.5 usiku huohuo bila kuzima seva hata moja. VARIANT, aina mpya ya data ya kuhifadhi JSON, bado hatujaitumia vya kutosha kuisemea.

Mkianza kuhamisha, tangulizeni jobu zinazojumlisha hela, na wiki ya kwanza ziendesheni kwenye matoleo yote mawili mlinganishe jumla.