Bia ya kegi kwenda kwenye chupa bila kupoteza gesi: ununue nini?

Wadau mnaopika bia nyumbani hapa Dodoma, kabla hujatoa hela yoyote anza na baridi. Bia ya vuguvugu haishiki gesi (kaboni dayoksaidi, ile inayoleta povu), na jua la Oktoba mnalijua. Kegi, yaani mtungi wa bia, ikae kwenye friji mpaka nyuzi 2 au 3, chupa na mpira wa kupitishia bia navyo viwe humo humo. Na huku tuko juu, zaidi ya mita 1,100, kwa hiyo wakati wa kutia gesi ongeza kama psi 2 (psi ni kizio cha presha) kwenye kipimo unachosoma mtandaoni.

Namba moja kwangu ni kibomba cha plastiki cha kubonyeza, mpira mgumu unaofika chini ya chupa, na kizibo cha raba kilichotobolewa katikati. Basi. Shusha presha ya kegi hadi psi 3 hivi, zamisha mpira mpaka uguse kitako cha chupa, kandamiza raba mdomoni, fungua. Bia inaingia kidogo halafu inasimama yenyewe, maana hewa iliyobanwa ndani inasukumana na kegi, hapo unaminya raba pembeni kwa kidole, unasikia tsss, bia inapanda taratibu bila fujo. Chomoa, acha povu lifike mdomoni na ufunge kizibo juu ya povu hapo hapo. Ila hewa haijatoka yote, kwa hiyo inywe ndani ya wiki mbili.

Namba mbili, kifuniko cha kujazia gesi kwenye chupa ya plastiki ya soda. Kwa kusafirisha hakina mpinzani: unaminya chupa hewa itoke, unafunga, unaongezea gesi, hata ikienda na basi mpaka Singida haipasuki kama kioo. Chupa za maji achana nazo kabisa, nilijaribu ikavimba kitako mpaka ikashindwa kusimama.

BeerGun ya Blichmann, bomba la mkononi la kujazia chupa, naiweka ya tatu, nzuri sana kwa bia ya kukaa miezi kwa sababu inapuliza gesi kwenye chupa kwanza na kufukuza oksijeni, ile inayofanya bia iwe na ladha ya boksi lililoloa, ila itakudai laini ya pili ya gesi, mbali na ile inayoingia kwenye kegi.

Ya mwisho ni mashine ya kujaza kwa presha, yenye valvu zake kadhaa. Kutunza gesi ndiyo inaongoza zote, lakini kwa chupa sita za wikiendi utatumia muda mwingi kuiosha kuliko kujaza, inunue ukifika kujaza kegi nzima kwa mkupuo.