Fukwe za Ngazidja: Chomoni nyota tano, nyingine tujadiliane

Mnaoniuliza kama fukwe za Komoro zinafikia Nungwi ya Zanzibar, hebu acheni kulinganisha. Ngazidja, kisiwa kikubwa cha Komoro, ni cha volkano, mlima Karthala umekikalia na mita zake 2,361, na pwani karibu yote ni mwamba mweusi. Mchanga unaupata vipande vipande, katikati ya lava. Mie ndicho nilichokipendea.

Wateja wangu wa Kikomoro hapa Kariakoo ndio walionipa mchongo: usiishie Moroni, mji mkuu, vuka upande wa mashariki uende Chomoni. Wallahi hawakunidanganya. Lava imeshuka mpaka baharini ikauzunguka ufukwe, maji ndani yametulia, ya kijani mpaka unaona vidole vyako vya miguu. Chota mchanga kiganjani: punje nyeusi na nyeupe, kama ufuta uliomwagikia mchele. Chakula samaki wa kuchoma na ndizi, vinachelewa, ila vikija vinakuja vya moto. Nyota tano.

Mitsamiouli, kaskazini, ndiko kwenye mchanga mweupe mrefu. Pazuri, nyota nne. Karibu na hapo ndipo ilipoanguka ndege ya Ethiopia iliyotekwa, Novemba 1996, na wenyeji na watalii wakaingia majini kuokoa watu. Wazee ukiwauliza wanakuonyesha kwa kidole.

Kuna ufukwe mwingine, siutaji, chupa za plastiki zimezidi mchanga. Nyota moja, na hiyo ni kwa ajili ya upepo.

Sasa maji ya kuoga. Kisiwa hakina mito ya kudumu, mvua ikinyesha inazama kwenye mwamba, kwa hiyo wengi wanakinga maji ya mvua kwenye matangi. Mwaka 2005 Karthala ilipolipuka, majivu yaliyachafua matangi hayo, watu wakahangaika na maji ya kunywa. Ukipewa ndoo moja ujisuuze chumvi usinune, ndoo moja inatosha.

Beba yeboyebo, ile lava inachana nyayo. Kina dada, bebeni kanga, vijijini hawapendi mtu kukatiza na nguo ya kuogelea. Beba na euro taslimu. Moja ni faranga 492 hivi, haipandi haishuki. Na nauli ya teksi ya kwenda Chomoni patana kabisa, kwenda na kurudi, kabla hujafunga mlango.