Draivu ya DVD ya USB pamoja na VLC: uzoefu wangu

Kwa wenye haraka: draivu ya nje niliyonunua ni nzuri na nimeridhika nayo. Ila mtu akiichomeka kwenye kompyuta ya Windows akitegemea filamu ianze yenyewe, ataudhika, na huenda akairudisha dukani kwa kosa lisilo lake.

Ninazo DVD nyingi ambazo sina mpango wa kuzitupa: filamu, mafunzo, na rekodi za familia ambazo hazipatikani popote pengine. Kompyuta yangu ya sasa haina mahali pa kutia diski, kama zilivyo nyingi siku hizi. Nikachukua draivu nyembamba ya USB, zile zisizo na adapta, zinazokula umeme wa kompyuta yenyewe. Jina la kampuni naliacha, kwa sababu draivu za aina hii zinafanana mno, na mengi nitakayoeleza yatakukuta hata ukinunua nyingine.

Nilipoichomeka, diski ilizunguka vizuri, jina la filamu likatokea, nikabofya mara mbili. Badala ya filamu zikaja folda mbili: AUDIO_TS, ambayo kwa kawaida huwa tupu kwenye DVD za filamu, na VIDEO_TS, iliyojaa faili zenye majina kama VTS_01_1.VOB. Hapa ndipo wengi huanza kutafuta mchawi: draivu feki, diski feki, virusi. Kumbe folda hizo zikionekana ni habari njema. Maana yake leza imesoma, waya unapitisha data na Windows imeitambua diski. Kinachokosekana ni programu ya kuifungua picha.

Picha ya DVD hubanwa kwa mfumo wa MPEG-2, na sauti yake mara nyingi ni Dolby Digital. Windows 7, kuanzia toleo la Home Premium, ilikuja na uwezo wa kuzicheza. Kuanzia Windows 8, mwaka 2012, Microsoft waliuondoa uwezo huo kwenye Windows ya kawaida kwa sababu ya gharama za leseni, na hata Windows 10 haikuurudisha. Walitoa programu ya kuuzwa kando, Windows DVD Player. Mimi sikuona sababu ya kuilipia wakati VLC, programu ya kuchezea video na sauti, ipo.

VLC ilianza mwaka 1996 kama mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris, Ufaransa, na mpaka leo ni ya bure. Inakuja na kodeki zake yenyewe (vifungua picha na sauti zilizobanwa), kwa hiyo haijali Windows ina nini na haina nini. Ipakue kwenye tovuti ya VideoLAN, watengenezaji wake wenyewe, maana tovuti za kuigiza hukubebesha takataka nyingine. Ukishaiweka, achana na kubofya faili za VOB moja moja. Nenda Media, kisha Open Disc, chagua DVD, angalia herufi ya draivu kama ni sahihi, bonyeza Play. Ile herufi ndiyo huwaponza watu: ukiwa na draivu ya nje, VLC inaweza kuwa inatazama D wakati diski yako iko E, halafu inakuambia haiwezi kufungua kitu.

Filamu ya kwanza ilianza palepale. Nyingine iliganda kwenye menyu, muziki unajirudia na kitufe cha kuanzisha hakibonyezeki. Kwenye dirisha lilelile la Open Disc kuna kisanduku cha No disc menus. Ukikitia alama, VLC inairuka menyu na kwenda moja kwa moja kwenye filamu. Unapoteza mapambo ya menyu tu. Lugha na maandishi ya tafsiri unayachagua kwenye Audio na Subtitle.

Tatizo lililonisumbua zaidi lilijificha vizuri. Filamu inacheza sawasawa, ghafla picha inaganda, taa ya draivu inazimika, kisha unasikia ile milio miwili ya Windows: wa kifaa kuchomolewa na wa kifaa kuchomekwa. Na hakuna aliyegusa waya. Ukiwa na subira, draivu inaanza kuzungusha upya na filamu inarudi mwanzo kabisa. Nilidhani diski ina mikwaruzo, lakini kila diski ilifanya vilevile, hata mpya iliyotoka kwenye nailoni.

Ilikuwa ni umeme. Tundu la USB 2.0 limepangiwa kutoa hadi miliampea 500. La USB 3.0, ambalo mara nyingi lina plastiki ya buluu ndani, hadi 900. Draivu ikishazungusha diski kwa mwendo mmoja haina tamaa kubwa. Lakini pale mota inapoanza kutoka kusimama, au leza inaporudia sehemu ngumu kusoma huku mota ikibadilisha kasi, inavuta umeme mwingi kwa mkupuo. Yangu ilikuwa kwenye hub (kigawanya matundu ya USB) ndogo isiyo na adapta, inayogawana tundu moja na kipanya, kibodi na flashi. Umeme ukipungua draivu inajizima na kujiwasha, nawe unabaki kuilaumu filamu. Nilipoihamishia moja kwa moja kwenye tundu la buluu la kompyuta, mchezo huo uliisha. Mwenye kompyuta ya mezani atumie matundu ya nyuma, yaliyo kwenye ubao mama wenyewe, kuliko ya mbele yanayopitia waya mwingine ndani ya kasha. Ukilazimika kutumia hub, iwe yenye adapta yake ya umeme.

Hapo hapo niseme kuhusu yale maandishi makubwa ya USB 3.0 kwenye boksi. Kwa upande wa kasi, kwa DVD ni mbwembwe. Filamu ya DVD haizidi takribani megabiti 10 kwa sekunde, na hata draivu ikisoma kwa kasi ya 8x inatoa kama megabaiti 11 kwa sekunde, mzigo ambao USB 2.0 inaubeba bila shida. Faida ya tundu la buluu kwa kazi hii ni ule umeme wa ziada.

Sasa, unajuaje kosa liko kwenye kusoma au kwenye kucheza? Mimi natumia jaribio moja ambalo limeniokolea muda mwingi. Chukua DVD isiyo na kinga, kwa mfano iliyochomwa nyumbani, ingia VIDEO_TS na unakili faili kubwa ya VOB kwenye diski ya kompyuta. Faili hizo hazizidi gigabaiti 1 kila moja, ndiyo maana filamu moja hukatwa vipande kadhaa. Ikinakilika hadi mwisho, draivu, waya na diski ni wazima, na kama filamu haichezi basi shughulika na programu. Ikikwama njiani au draivu ikapotea, acha kusakinisha na kufuta programu, hutafika popote. Kagua umeme, waya na uso wa diski.

Nimesema isiyo na kinga kwa makusudi. Filamu za dukani nyingi zimefungwa kwa mfumo uitwao CSS, na ukijaribu kunakili VOB zake moja kwa moja, Windows inaweza kukupa ujumbe kwamba sekta imefungwa kwa usimbaji. Huo si ugonjwa wa diski. VLC ya Windows inakuja na libdvdcss, kipande cha programu kinachoufungua wakati wa kutazama. Kwenye kompyuta yangu ya zamani yenye Ubuntu (mfumo wa Linux badala ya Windows), hakimo. Huko ilibidi kusakinisha kifurushi cha libdvd-pkg kisha kuendesha amri ya sudo dpkg-reconfigure libdvd-pkg ndipo filamu zilipokubali. Kabla ya hapo picha ilikuwa vipandevipande vya rangi, kama mtu aliyemwaga vigae sakafuni. Sheria za kufungua kinga hizi zinatofautiana nchi na nchi, kwa hiyo jua za kwako.

Kuna na suala la kanda. Diski inaweza kuwa na namba ya sehemu ya dunia inakoruhusiwa: 1 ni Marekani na Kanada, 2 ni Ulaya ya Magharibi na Japani, 5 ni sehemu kubwa ya Afrika pamoja na India na Urusi, na kadhalika. Draivu nayo ina namba yake, na unaruhusiwa kuibadilisha mara 5 tu. Ya tano ndiyo inayobaki. Hesabu hiyo inatunzwa ndani ya draivu yenyewe, kwa hiyo kusakinisha Windows upya hakusaidii kitu. Programu ikikuuliza kama unataka kubadili kanda, usibonyeze OK kwa mazoea. VLC mara nyingi hupita bila hata kuuliza, ingawa zipo draivu zinazokataa katakata kuisoma diski ya kanda nyingine.

Diski chafu ni somo fupi. Futa kwa kitambaa laini kisichoacha nyuzi, kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka, usizungushe. Mkwaruzo unaokata kutoka katikati kwenda nje draivu huweza kuukwepa, kwa sababu data ina ziada ya kurekebishia makosa. Mkwaruzo unaofuata mzunguko wa njia ya data huharibu sehemu ndefu mfululizo. Data ya DVD iko katikati ya bamba mbili za plastiki zenye unene wa milimita 0.6 kila moja, kwa hiyo mikwaruzo mingi ni ya juujuu tu. Dawa za meno na nta sizipendekezi. Nimeona diski iliyong'aa vizuri na isiyosomeka tena.

Ila si kila kuganda ni ubovu. Filamu ndefu nyingi ziko kwenye diski ya tabaka mbili, gigabaiti 8.5, badala ya 4.7 za tabaka moja. Mahali fulani katikati ya filamu leza inahama tabaka, na picha inaweza kusimama kidogo. Ikisimama mahali palepale kila mara na kuendelea yenyewe, iache. Ikiganda kuelekea mwisho kwenye diski ya kuchoma ya tabaka moja, angalia ukingo wa nje: DVD ya aina hiyo husomwa kutoka ndani kwenda nje, na ukingoni ndipo vidole hushika.

Picha yenyewe usiitegemee miujiza. DVD ina pikseli 720 kwa 576, au 720 kwa 480, nayo inatanuliwa kwenye kioo cha 1920 kwa 1080. Lazima iwe laini kidogo. Lakini ukiona meno ya kitana kwenye ukingo wa mtu anayetembea, mistari myembamba ya kulala inayotokea kitu kikisogea na kupotea kikitulia, hiyo ina tiba. Bonyeza herufi D kwenye kibodi wakati VLC inacheza. Nilifanya hivyo kwenye rekodi ya mtoto anayekimbia, na miguu iliyokuwa kama imechanwa ikaungana. Kwangu hicho kitufe kimoja kimeboresha picha kuliko mipangilio mingine yote.

Kuhusu sauti: mazungumzo yakisikika kwa mbali huku milipuko ikipasua masikio, filamu ina sauti ya spika sita na wewe unazo mbili. Maneno mengi hukaa kwenye spika ya kati usiyokuwa nayo. Kwanza jaribu toleo jingine la sauti kwenye Audio, Audio Track, maana diski nyingi zina la stirio (la spika mbili). Kama halipo, kibanio cha sauti ndani ya Effects and Filters, ukurasa wa Compressor, kinasawazisha vya kutosha.

Nirudi kwa draivu. Trei yake haisukumwi na mota: unabonyeza, inaruka kidogo, unaivuta kwa mkono. Diski inabidi uikandamize katikati, karibu na tundu lake, mpaka usikie inashika. Ukiiweka juujuu na kusukuma trei, itakwaruza na kupiga kelele ya kutisha. Iweke mahali tambarare. Juu ya kitanda au godoro inatetemeka. Trei ikigoma kufunguka, kuna kitundu kidogo cha kuingiza pini iliyonyooshwa, ukiwa umeichomoa kwanza. Kelele zake ni za kawaida, zinapanda diski inapoanza na kushuka filamu ikikolea.

Diski pekee iliyonishinda ni iliyorekodiwa na kamera ya zamani ya DVD ambayo haikufungwa baada ya kurekodi. Kompyuta inaiona kama diski tupu. Hilo si kosa la draivu. Hizo hufungwa kwenye kamera iliyozirekodi, kwa amri ya Finalize.

Nimeipa nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya waya: ni mfupi, umegandishwa kwenye kasha na haubadilishiki, kwa hiyo ukikatika kwa ndani draivu nzima imekwisha. Anayenunua sasa namshauri atafute yenye waya wa kuchomoa, ikiwezekana wenye vichwa viwili vya USB, kimoja cha data na kingine cha kuongezea umeme.