Bledi (ubapa wa chuma wa kusawazishia barabara ya udongo): ya futi 6 au ya futi 7 nyuma ya trekta?

Trekta ya nguvu farasi 50 hivi, kama zinazolima huko Masindi, Uganda, huivuta bledi ya futi 6 (mita 1.83) bila taabu. Kasoro huonekana ukiilaza mshazari: kwa digrii 30, ili udongo usogee pembeni, upana unaobaki ni mita 1.58 tu. Tairi za nyuma zikiwa na upana wa mita 1.7 kutoka nje hadi nje, zitaacha alama ambazo bledi haizifikii.

Ya futi 7 kwa mshazari huohuo hubakiza mita 1.85, alama zote zikafutika. Ila ni nzito. Ukiinyanyua, pua ya trekta huwa nyepesi na usukani haushiki. Funga vyuma vya uzito mbele. Tena kwenye changarawe nyekundu iliyokauka Januari huparaza tu juu juu, maana uzito umetawanyika. Ngoja mvua za Machi zilainishe.

Kwa trekta hiyo, chukua futi 7. Chini ya nguvu farasi 40, futi 6. Barabara ya mita 4 iachie mgongo wa sentimita 8 katikati, la sivyo maji yatalala njiani.