Muhula wangu ughaibuni na dirisha la ofisi ya wanafunzi wa kimataifa

Nilikusudia kuandika maoni haya mara tu niliporudi, nikaahirisha kwa sababu hasira ilikuwa bado mbichi na nisingeweza kumtendea mtu yeyote haki. Nilidhani imepoa. Kumbe haijapoa, na kwa kuwa kila mwaka wapo wanafunzi wanaojaza fomu za mpango wa vyuo kubadilishana wanafunzi wakiahidiwa kwamba watarudi wamekomaa, naona ni wajibu wangu kueleza yaliyonipata.

Kabla ya kuondoka, mwanafunzi husaini mkataba wa masomo ambao pia husainiwa na chuo chake na chuo mwenyeji. Mkataba huo hutaja kila somo atakalosoma pamoja na krediti zake, yaani alama za kupimia uzito wa somo. Katika ECTS, mfumo wa kuhesabu na kuhamisha krediti unaotumiwa na vyuo vya Ulaya, muhula mmoja una krediti 30, na kila krediti huhesabiwa kuwa kazi ya saa 25 hadi 30, kwa hiyo krediti moja ikipotea ni siku kadhaa za maisha ya mtu zimepotea. Niliutunza mkataba wangu kama mtu anavyotunza hati ya nyumba.

Katika siku za mwanzo niligundua kwamba masomo mawili kati ya matano niliyoandikishwa hayafundishwi muhula huo. Yalikuwa yamehamishiwa muhula mwingine na hakuna aliyeona haja ya kuniarifu. Krediti 12 zilikuwa zimeyeyuka. Nilikwenda ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, nikapanga foleni, na nilipofika dirishani nikauweka mkataba mbele ya afisa. Hakuugusa. Aliniuliza nimefika lini, nikamjibu kwamba nina siku chache tu, naye akatabasamu na kusema: "Huo ni mshtuko wa utamaduni. Huwapata wageni wote. Uwe na subira, utapita."

Tabasamu lile sijalisahau. Afadhali angenifokea, kwa maana ukali hujibiwa, lakini upole wa namna ile humfanya mtu ajitilie shaka mwenyewe. Aliletewa karatasi yenye saini ya chuo chake, akaiacha karatasi na kuusoma uso wangu. Baadaye niliitafuta makala ya mwaka 1960 ya Kalervo Oberg, mwanaanthropolojia aliyelieneza neno hilo la mshtuko wa utamaduni, nikaona kwamba alikuwa akieleza wasiwasi unaompata mtu anapopotewa na ishara ndogondogo za maisha ya kila siku, kama vile wakati wa kupeana mkono au la kusema unapokutana na watu. Wasiwasi huo niliupata pia, siukatai, na ulipita kama alivyoeleza. Lakini somo lililoondolewa kwenye ratiba haliingii katika maelezo yake hata kidogo.

Nilirudi dirishani mara mbili zaidi, nikajibiwa vilevile, ndipo nikaamua kubisha milango ya idara moja baada ya nyingine, nikijieleza katika lugha iliyokuwa bado ikinikwaza. Ieleweke kwamba mimi ni mtu ambaye miaka yote chuoni sikuwahi kunyosha mkono darasani, na hata shughuli zangu za usajili alikuwa akinifuatilia kaka yangu. Mlango wa kwanza niliuacha bila kubisha. Katika mlango wa nne au wa tano mhadhiri mmoja alinipa kiti, akausoma mkataba mstari kwa mstari, akanipokea katika somo lake na kunielekeza kwa mwenzake aliyekuwa na somo jingine. Nilivirudia vyuo vyote viwili kwa barua hadi mabadiliko yakasainiwa. Tangu siku hizo sauti yangu haitetemeki ninapozungumza na mkubwa, na hilo ni jambo ambalo muhula ule umenipa na hakuna atakayeninyang'anya.

Kwa hiyo nilikuwa tayari kusifu. Nilikuwa hata nimeanza kukubaliana na wanaoniambia kwamba niishukuru ofisi ile kwa kunikomaza. Hapana, sitaishukuru. Katika bweni letu alikuwamo mwenzangu mwenye tatizo kama langu, mwenye akili za darasani kunishinda mimi, naye aliambiwa maneno yaleyale kwenye dirisha lilelile. Aliyaamini. Alisubiri mshtuko upite, akiamini kwamba kasoro iko ndani yake, hadi muda wa kubadilisha masomo ukaisha, akarudi nyumbani na pengo la krediti analolilipia kwa muhula mzima wa ziada.

Je, nawashauri wengine waende? Naam, na mimi mwenyewe ningekwenda tena kesho. Ila iandikieni idara husika moja kwa moja kabla ya kusaini, mpate jibu la maandishi kwamba kila somo litafundishwa muhula mtakaokuwapo. Muhula wenyewe naupa nyota nne. Ofisi nilitaka kuipa mbili, kwa kuwa kitanda bwenini kilipatikana bila usumbufu, lakini nikimkumbuka mwenzangu naipa moja.

Nakala yangu ya matokeo ilichelewa kwa miezi mingi, na ilipofika ilikuwa na krediti 30 kamili. Chini yake palikuwa na saini ya afisa yuleyule, na siku hiyohiyo niliketi kuandika haya.